Saratani ya ngozi inaporudi baada ya upasuaji: kisu, ukingo na jibu la maabara

Mtu amekatwa uvimbe usoni au kidonda kwenye muundi. Nyuzi zimetolewa, ngozi imefunga, na baada ya miezi kadhaa pale pale pameota tena. Ndugu zake huwa na maelezo tayari. Mmoja atasema kisu ndicho kilichoichokoza kansa, ingeachwa ingetulia. Mwingine atasema daktari hakukata vizuri. Wa tatu atasema kansa ni kansa, ukiikata hapa inatokea pale, hivyo nauli ya Kampala ni fedha ya kutupa. Kila maelezo yana gharama yake. Ya kwanza humfanya mgonjwa achelewe, ya pili humfanya ahame hospitali bila karatasi zake, na ya tatu humfanya asirudi kabisa.

Makala haya yanapima maelezo hayo, pamoja na yale ya madaktari wenyewe, ambao nao hawakubaliani katika kila jambo. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa mgonjwa wa Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, ukali wa ugonjwa una nafasi yake, na ustadi wa mpasuaji una nafasi yake. Lakini linaloamua zaidi, na ambalo liko ndani ya uwezo wetu, ni kama nyama iliyokatwa ilipimwa kingo zake, na kama jibu lilimfikia mgonjwa wakati bado linaweza kumsaidia.

Saratani gani, na inampata nani

Saratani za ngozi zinazotibiwa kwa kukatwa ni hasa mbili. Ya kwanza huanzia kwenye seli za msingi, yaani za tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu. Hukua polepole, hula nyama na hata mfupa wa pale ilipo, lakini ni nadra sana kusafiri. Ya pili ni ya seli bapa. Hii huenda kasi zaidi, na inaweza kuingia kwenye tezi za shingo, za kwapa au za kinena, na kutoka hapo kufika mapafuni.

Ulaya, ile ya seli za msingi ndiyo nyingi kuliko zote. Kwetu hesabu ni nyingine. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa lile lile linalozaa Nile pale Jinja, mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta robo tatu yao wana saratani ya seli bapa. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, pengo lilikuwa dogo zaidi, ila seli bapa bado iliongoza. Hili lina uzito, kwa sababu miongozo mingi ya upasuaji imeandikwa kwa kuifikiria zaidi ile ya polepole.

Watu wenye ualbino ndio walio hatarini kuliko wote. Jinja na Mbale ziko karibu kabisa na ikweta, katika kimo cha zaidi ya mita 1,100, na jua lake ni kali karibu mwaka mzima. Anayelima muwa Busoga au kupalilia kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon hana namna ya kulikwepa. Jinja ndiko yaliko makao ya Source of the Nile Union of Persons with Albinism, chama kinachojulikana kwa kifupi kama SNUPA, ambacho kimefanya madhara ya jua yazungumzwe hadharani katika Busoga.

Kundi la pili huwa halitajwi sana redioni. Ni watu wenye ngozi nyeusi ambao saratani yao huota juu ya donda ndugu la miaka mingi au juu ya kovu la moto, mara nyingi mguuni. Pengine ni mtoto aliyeangukia jikoni, au mwenye kifafa aliyeungua akiwa hana fahamu, akabaki na kovu lisilotulia. Miongo miwili au mitatu baadaye kovu hilo linapasuka na halifungi tena. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828, na vidonda hivi vya saratani vinaitwa kwa jina lake hadi leo. Ni vikali kuliko saratani ya seli bapa iletwayo na jua, na huwahi kuingia kwenye tezi.

Kundi la tatu ni watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, ambao hupata saratani ya seli bapa juu ya jicho. Uhusiano huo uliripotiwa kutoka Kampala katika miaka ya 1990. Kwa maana kamili si saratani ya ngozi, lakini seli ni za aina ile ile, na tutaona kwamba ndiyo iliyotupa ushahidi bora kabisa wa Afrika Mashariki kuhusu kurudi kwa ugonjwa baada ya kisu. Saratani ya Kaposi, ambayo ni nyingi Uganda, naiacha kando, kwa kuwa tiba yake kuu si upasuaji.

Mambo matatu yanayoitwa jina moja

Mgonjwa anaposema ugonjwa umerudi, anaweza kuwa anaeleza jambo moja kati ya matatu. La kwanza ni mabaki: seli zilizoachwa kwenye ukingo au chini ya kidonda, ambazo zimeendelea kukua. La pili ni kusambaa: seli zilikuwa zimeshafika kwenye tezi kabla ya siku ya operesheni, na uvimbe wa shingoni umeonekana baadaye. La tatu ni saratani mpya kabisa, iliyoota kando ya kovu kwenye ngozi iliyounguzwa na jua lile lile kwa miaka ile ile.

Kuyachanganya haya ndicho chanzo kikubwa cha lawama zisizo na mahali. Mabaki yanaelekeza swali kwa upasuaji na maabara. Kusambaa kunaelekeza swali kwa muda uliopotea kabla ya kufika hospitali. Saratani mpya haihusiani na kisu hata kidogo; dawa yake ni kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na kukaguliwa ngozi mara kwa mara. Kwa mtu mwenye ualbino, jambo hili la tatu ni la kawaida sana, maana uso mzima na shingo vimeumia kwa pamoja. Mpasuaji anaweza kufanya kazi safi kabisa sikioni, na mwaka unaofuata shavu likatoa nyingine.

Hapa ndipo imani kwamba kisu huichokoza kansa inapopata nguvu. Wanaoiamini hawajatunga: wameona kwa macho yao mtu aliyekatwa akazidiwa haraka. Lakini walichokiona ni mabaki yaliyokuwa yamejificha chini ya sehemu inayoonekana, au tezi zilizokuwa tayari zimeshaingiliwa. Kukata kipande kidogo cha kupima hakuifanyi saratani ya ngozi isambae. Kinachoifanya isambae ni ile miezi ya kungoja.

Uvimbe wenyewe

Madaktari wanaoweka uzito kwenye asili ya uvimbe wana ushahidi wa kutosha. Saratani ya seli bapa yenye upana wa sentimita 2 au zaidi hurudi na kusambaa zaidi kuliko ndogo. Kina ni muhimu hata kuliko upana. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba saratani ya seli bapa isiyozidi unene wa milimita 2 haikusambaa kwa mgonjwa yeyote aliyefuatiliwa. Kati ya milimita 2 na 6 ilisambaa kwa asilimia 4, na iliyopita milimita 6 kwa asilimia 16. Iliyopita mafuta ya chini ya ngozi, au iliyoanza kutambaa kando ya mishipa ya fahamu, ni hatari zaidi. Sikio, mdomo, pua na kona za macho ni sehemu mbaya, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba, gegedu iko karibu, na mpasuaji ana nafasi ndogo ya kukata.

Hoja hii ina udhaifu mmoja: huifanya saratani ionekane kama hatima. Unene wa milimita 6 haukuanza siku moja. Bugando, nusu ya wagonjwa walikuwa wameugua kwa miezi 24 au zaidi kabla ya kufika, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa fedha. Upande wetu kuna sababu nyingine ya kimyakimya, nayo ni kidonda kufungwa bandeji katika kituo cha afya kwa miezi bila mtu kuagiza kipande kikapimwe. Donda ndugu ambalo kingo zake zimeinuka na kujiviringisha, linalotoa damu kwa kuguswa, linaloota nyama au kubadilika harufu, si la kuendelea kusafishwa tu. Ukubwa wa uvimbe siku ya operesheni ni matokeo ya mfumo wa huduma kama ulivyo matokeo ya seli.

Jambo jingine la kuzingatia ni historia ya uvimbe. Mapitio ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu saratani ya seli bapa yalikuta kwamba inayokatwa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida ilirudi kwa asilimia 8.1 ndani ya miaka 5. Iliyokuwa imesharudi mara moja, ikikatwa tena kwa njia hiyo hiyo, ilirudi kwa asilimia 23.3. Yaani nafasi nzuri kuliko zote ni ya operesheni ya kwanza.

Ukingo: mjadala halisi

Kila mpasuaji hukata saratani pamoja na ngozi nzima kidogo kuizunguka. Kidogo kiasi gani? Kwa saratani ya seli za msingi yenye mipaka inayoonekana na isiyofika sentimita 2, milimita 4 za ngozi nzima huiondoa yote kwa wagonjwa 95 katika 100. Kwa ya seli bapa, milimita 4 zinatosha kwa ndogo zisizo na hatari, na 6 au zaidi kwa zile kubwa au zilizoko sehemu mbaya. Kwa saratani iliyoota juu ya kovu la moto, wengi hutaka sentimita 2 kamili, na mara nyingine mguu hauokoki.

Kutoka hapa njia zinagawanyika.

Wapo wanaosema kata pana mara moja. Hoja yao ni ya mazingira: huyu mgonjwa ametoka Bududa au Buyende, huenda asirudi, basi tumalize leo. Kwenye mgongo au paja hoja hiyo ni nzuri, nami naiunga mkono. Kwenye kope au pua inakuwa ghali. Jicho lisilofumba hukauka na kupofuka, na mdomo usiofunga hauzuii mate. Tena upana haumhakikishii mtu usalama wa kina. Mpasuaji anaweza kukata duara kubwa na kuacha mizizi chini.

Wapo wanaotaka njia iliyobuniwa na Frederic Mohs huko Wisconsin, Marekani, katika miaka ya 1930. Mpasuaji hukata tabaka jembamba, analisoma kwa hadubini hapo hapo, na anarudi kukata pale tu palipobaki saratani. Ubora wake umepimwa vizuri. Jaribio la Uholanzi kwa saratani ya seli za msingi usoni lilifuatilia wagonjwa miaka 10: kwa njia ya Mohs ilirudi kwa asilimia 4.4, na kwa njia ya kawaida kwa asilimia 12.2. Sababu iko kwenye namna ya kusoma. Maabara ya kawaida hukikata kipande kama mkate, vipande vichache vya wima, na hivyo huona chini ya asilimia 1 ya ukingo wote. Mohs huusoma ukingo mzima. Lakini njia hiyo inadai maabara kando ya chumba cha upasuaji, fundi wa kugandisha nyama, daktari aliyefunzwa kwa miaka, na saa nyingi kwa mgonjwa mmoja. Kuipigania leo kwa hospitali za rufaa za Jinja na Mbale ni kuruka ngazi kadhaa.

Takwimu hizo hizo za Uholanzi zina jambo jingine ambalo watetezi wa Mohs hulipita haraka. Kwa njia ya kawaida, wagonjwa karibu 88 katika 100 hawakurudiwa ndani ya miaka 10, na wale walikuwa wamekatwa na kingo zao zikasomwa na maabara, na ambao kingo zao zilikutwa na saratani wakakatwa tena. Hatua kubwa ya maendeleo ni ile ya kutoka kwenye ukingo usiosomwa kwenda kwenye ukingo uliosomwa. Hatua ya kutoka hapo kwenda kwa Mohs ni ndogo zaidi na ghali zaidi.

Njia ya tatu ndiyo inayostahili kuzungumzwa zaidi mashariki mwa Uganda: kukata, kufunga kidonda kwa bandeji bila kukiziba, kungoja jibu la maabara, kisha kuziba. Siri yake iko kwenye kuziba. Mpasuaji akizungusha ngozi ya jirani kuifunika tundu kabla ya kujua kama kingo ni safi, mabaki yoyote yatakuwa yamezikwa chini ya ngozi nene yenye afya. Yatakua bila kuonekana, na yatakapojitokeza yatakuwa yamefika mfupani. Ngozi nyembamba iliyopandikizwa kutoka pajani haipendezi sana usoni, lakini chini yake kitu kikiota kinaonekana mapema. Huu ni uchaguzi kati ya uso mzuri leo na macho ya kuona kesho. Pale ambapo jibu litachelewa, ningeshauri la pili.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Wapatholojia wengi wa Uganda, yaani madaktari wanaosoma vipande hivyo kwa hadubini, wako Kampala, kilomita 80 hivi kutoka Jinja na zaidi ya 200 kutoka Mbale. Jibu likija baada ya siku kumi, njia inafanya kazi. Likija baada ya miezi miwili, mgonjwa ameshaondoka na bandeji yake. Ubora wa jibu nao hutegemea mambo madogo yasiyohitaji mashine: kipande kiwekwe kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya kutosha, kiandikwe jina na upande wa mwili, na kitiwe uzi mmoja kuonyesha upande wa juu. Bila uzi huo mpatholojia anaweza kusema ukingo una saratani, asiweze kusema ni ukingo upi. Mpasuaji atarudi kukata pande zote nne za pua kwa kosa la upande mmoja.

Mwili wa mgonjwa, na baada ya kisu

Kinga dhaifu huipa saratani nafasi. Mgonjwa mwenye virusi vya ukimwi asiyetumia dawa ana hatari kubwa zaidi ya kurudiwa, na operesheni bila kumpima virusi ni kazi nusu. Ushahidi wa karibu ninaousifu ni wa Kenya. Mwaka 2016 Stephen Gichuhi na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 98 waliokatwa saratani ya seli bapa ya jicho. Nusu walipewa matone ya fluorourasili kwa wiki 4 baada ya upasuaji, nusu wakapewa matone yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, ugonjwa ulirudi kwa asilimia 10.6 ya waliopata dawa, na asilimia 36.2 ya wengine. Ni dawa ya zamani na haihitaji mashine. Matokeo ya jicho hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye muundi wenye donda ndugu, lakini yanaonyesha kwamba tiba inayofuata kisu inaweza kuwa na uzito kama kisu.

Tiba ya mionzi ndiyo inayofikiriwa zaidi pale kingo zinapobaki na saratani na hapakatiki tena, au mishipa ya fahamu inapokuwa imeingiliwa. Historia yake Uganda inajulikana. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago, pekee nchini, iliharibika isiweze kutengenezwa, na mpya haikuanza kazi hadi mwishoni mwa 2017. Leo Taasisi ya Saratani ya Uganda ina mashine zaidi ya moja, lakini mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa mfululizo, siku tano kwa wiki. Kwa mtu wa Sironko hilo ni suala la kulala wapi, kula nini na nani atapalilia.

Bugando inatuonyesha uzito wa jambo hilo. Katika wagonjwa wale 64, waliokatwa walikuwa 60. Waliokatiza tiba kwa kukosa fedha walikuwa 27. Waliopatikana kwa uchunguzi kati ya miezi 6 na 12 baadaye walikuwa 37 tu. Takwimu yoyote ya kurudi kwa ugonjwa katika mazingira ya namna hii huwahesabu waliorudi hospitali. Waliofia nyumbani hawamo.

Kupima hoja

Anayesema kisu huichokoza kansa amekosea sababu, lakini ameona jambo la kweli, na atashawishika akionyeshwa tofauti kati ya mabaki na kuchokozwa. Anayesema daktari hakukata vizuri anaweza kuwa sahihi, ila hawezi kujua bila karatasi ya maabara, na daktari naye hawezi kujitetea bila karatasi hiyo hiyo. Anayesema kansa haiponi amekosea kwa sehemu kubwa zaidi kuliko wote wawili. Saratani ndogo ya ngozi, iliyokatwa mapema na kingo zake zikasomwa, ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri kuliko zote.

Kwa upande wa madaktari, wanaotaka kila mgonjwa apelekwe Kampala wana haki kwa uvimbe wa kope, wa sikio uliogusa mfupa, wa ugonjwa uliokwisha kurudi, na wa mguu wenye mitoki kinenani. Kwa uvimbe wa sentimita moja shavuni au mkononi, rufaa hiyo mara nyingi huwa ni kuchelewesha tu. Ukatwe Jinja, ukatwe Mbale, wiki hiyo hiyo.

Fedha zikiwa chache, nazo ni chache, ningezielekeza kwanza kwenye fomalini, nyuzi za alama, usafirishaji wa vipande kwenda Kampala kila wiki kwa ratiba inayojulikana, na mtu mmoja katika kila hospitali ambaye kazi yake ni kumpigia simu mgonjwa jibu linapofika. Namba iandikwe siku ya operesheni, ya mgonjwa na ya ndugu yake, maana simu hupotea na laini hubadilishwa. Mgonjwa aondoke na nakala ya jibu mkononi.

Uangalizi wa baadaye hauhitaji kufanyika hospitali kubwa. Saratani ya seli bapa ikirudi, mara tatu katika nne hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo miezi hiyo ndiyo ya kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ya seli za msingi ina subira zaidi. Katika jaribio lile la Uholanzi, zaidi ya nusu ya zilizorudi zilijitokeza baada ya mwaka wa 5, wakati kadi nyingi za kliniki zimeshafungwa. Ofisa wa tiba katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu anaweza kufunzwa kuangalia kovu, kupapasa shingo kwa aliyekatwa usoni na kinena kwa aliyekatwa mguuni, na kuangalia ngozi iliyobaki kwa mwenye ualbino. Akikuta kitu, anajua amtume wapi. Asipokuta, mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu siku ile ile, bila kuuza mbuzi.